Malindi si bwawa lako la kuogelea

Najua mpango wako wa Desemba. Mko kumi kwenye grupu ya WhatsApp, wanne ndio wametuma pesa, na kuna yule mmoja ambaye tangu Septemba anasema "natuma kesho". Basi la usiku kutoka River Road, asubuhi Mombasa, matatu hadi Malindi, nyumba ya kukodi yenye bwawa, picha ukiwa na madafu, halafu Januari unarudi mtaani mweusi kama chungu na huna hata nauli ya kutoka Jogoo Road kwenda tao. Sikucheki. Nimefanya hivyo mara mbili.

Lakini mara ya tatu nilienda Malindi kuishi, si kuponda raha, na ndiyo sababu naandika hii stori. Kuna mambo tunayosema kuhusu ule mji, sisi wa Eastlands, ambayo yanafaa kutuaibisha. Na kuna jambo moja pale ambalo linatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda mamangu nguvu, na mimi pia nilikuwa nimechoka kujificha kwenye foleni ya mitihani. Binamu yangu alikuwa na kibanda cha kurekebisha simu Malindi, karibu na soko, akaniambia nije, kazi ipo. Nikafika mwezi wa tano. Kama unajua Malindi, tayari unacheka. Mwezi wa tano ni mvua na upepo wa kusi, bahari imechafuka, mto Sabaki umeleta udongo wote wa bara mpaka maji ya ufuo ni rangi ya chai ya maziwa, na hoteli nyingi zimefunga milango. Dereva wa tuk-tuk aliyenipeleka kwa binamu aliniangalia na begi langu akauliza, "Kaka, umekuja kufanya nini saa hizi?" Sikuwa na jibu zuri.

Tulipanga chumba Kisumu Ndogo, kwa mama mmoja Mgiriama ambaye hapa nitamwita Mama tu. Nyumba ni yake. Aliijenga na marehemu mumewe, chumba kimoja kimoja, kwa miaka kama kumi na tano, kwa matofali ya matumbawe yaliyochimbwa Maweni. Siku moja anakuna nazi barazani, akaja kijana wa shati safi na bahasha. Wakala. Mama akasoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya mbuzi ya kukunia nazi, akaendelea na kazi. Jioni nikamuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta ni wangu. Chini si kwangu."

Mimi mtoto wa Jericho, hiyo lugha sikuielewa. Akanieleza. Pwani kuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi. Wewe unamiliki nyumba, mwingine anamiliki udongo ulio chini yake, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Mwenye udongo huenda hujawahi kumuona. Anaweza kuwa Mombasa, anaweza kuwa Muscat, anaweza kuwa amekufa na wanawe wanagombana kortini. Na akiuza, barua inakuja kama ile: ardhi ina mwenyewe mpya, tafadhali wasiliana na ofisi.

Sasa ndipo nilipoanza kuuliza maswali ya historia, mimi niliyepata D ya somo hilo. Kwa sababu swali ni rahisi: huu mji una miaka mia ngapi, na watu wake mbona hawana chini?

Skia. Mwaka 1415, Nairobi bado ni kinamasi cha viboko, wajumbe wa Malindi walifika China na twiga. Twiga mzima, kwa meli, kama zawadi ya mfalme. Wachina walidhani ni mnyama wa ajabu wa hadithi zao, ikawa sherehe ya taifa. Na si ngano za kina babu: mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na China walichimba pale Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, wakapata sarafu ya Kichina ya zama hizo hizo. Sasa fikiria hawa ndio watu tunaowaambia kwamba sisi wa Nairobi ndio tumeona dunia.

Aprili 1498 akaja Vasco da Gama. Mombasa walikuwa wamemkataa. Malindi, ambayo ilikuwa na uhasama wake na Mombasa, ikampokea, ikampa chakula na nahodha wa kumvusha hadi India. Shuleni walituambia nahodha huyo alikuwa Ibn Majid, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawakubali. Ile nguzo nyeupe unayopigia picha, yenye msalaba wa mawe kutoka Ureno, ni kumbukumbu ya huo urafiki. Angalia urafiki ulivyolipwa. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, wakahamisha makao yao Mombasa, na mtawala wa Malindi akaenda nao huko. Mji ukabaki unakauka. Kufikia miaka ya 1800 ulikuwa magofu na msitu.

Gede, kilomita kama kumi na tano kutoka hapo, iliachwa kabisa. Misikiti, makaburi, nyumba zenye vyoo na visima, vyote vikaliwa na miti. UNESCO iliingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia Julai 2024. Wewe ulipita hapo ukielekea Watamu na hukushuka kwenye matatu. Usijali, hata mimi mara mbili za kwanza nilipita.

Na hapa ndipo sehemu ambayo haiwekwi kwenye vipeperushi vya hoteli. Mwaka 1861 Sultani Majid wa Zanzibar aliufufua mji wa Malindi, na aliufufua kwa jembe la mtumwa. Mashamba makubwa ya mtama na ufuta yalifunguliwa, wenyewe wakiwa Waarabu na Waswahili wenye nguvu, na waliolima ni watu waliochukuliwa kutoka ndani ya Afrika. Nafaka ya Malindi ilivuka bahari hadi Arabuni. Waliofaulu kutoroka waliitwa watoro, na walijenga vijiji vyao huko ndani msituni, kama Fuladoyo. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907.

Shika hiyo tarehe, halafu shika inayofuata: 1908. Mwaka mmoja tu baadaye Waingereza walileta sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye dai aje asajili. Unadhani nani alienda? Wenye mashamba, wenye kusoma, wenye wakili. Aliyekuwa mtumwa mwaka uliopita hakuwa na cha kuonyesha. Mgiriama ambaye ardhi kwake ni ya ukoo, ya kaya, hakuona kwa nini aende kuomba karatasi ya kitu cha babu yake. Ardhi ambayo haikudaiwa ikaitwa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo ukimuuliza Mama kwa nini hana chini, jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Si kwamba alizembea kwenda ofisini.

Walipigana, usidhani walikaa tu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke, mjane, aliwaapisha Wagiriama wasitoe vijana wao kufanya kazi za Wazungu wala kulipa kodi. Wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa waondoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, ambako ndiko kulikuwa na rutuba. Sanamu ya Mekatilili iko pale mjini Malindi. Nimeona watu wa Nairobi wakiegemea hapo wakisubiri tuk-tuk.

Unaweza kusema, sawa, hayo ni ya Pwani, mimi wa Umoja yananihusu nini. Ngoja.

Hapa kwetu palikuwa na kijiji kiitwacho Pangani. Si hii Pangani ya magorofa na barabara kuu. Pangani ya zamani, kijiji cha Kiswahili ndani ya Nairobi, nyumba za udongo zenye varanda, waliojenga wakiwa wapagazi, askari, wafanyabiashara wadogo, na wanawake wengi waliomiliki nyumba zao wenyewe. Jina lenyewe ni la mji wa pwani ya Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikakibomoa chote. Wengine wakaenda Pumwani, na wengine wakajengewa mtaa wa mawe unaoitwa Shauri Moyo. Waliokuwa wenye nyumba wakawa wapangaji wa manispaa. Wazee wa pale wanasema jina lilitokana na hilo hilo, kwamba kuhama au kutohama lilikuwa shauri la moyo wako, ingawa kubaki hakukuwezekana. Sisi tunapita hapo kununua kuku wa Burma na hatuulizi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, Majengo na Malindi ni ndugu. Zote zina watu waliojenga kuta juu ya udongo wa mtu mwingine.

Turudi Pwani, kuna jambo moja lilinikasirisha kwa njia nzuri. Kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ngwana, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini kuanzia miaka ya 1960. San Marco. Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao kutoka hapo, kwa sababu ni karibu na ikweta na roketi hupata msukumo wa bure kutokana na mzunguko wa dunia. Na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya Jamhuri, Marekani ikarusha kutoka jukwaa hilo hilo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru. Neno letu. Mtaalamu aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mimi nilisoma fizikia miaka minne sekondari, sikuambiwa hata siku moja. Nimeambiwa na mvuvi mzee aliyeleta simu yake kubadilishwa kioo. Alikuwa na shida ya kuelewa kwa nini mtu wa Nairobi hajui. "Tulikuwa tukiambiwa tuondoe ngalawa," alisema, "halafu moto unapanda."

Waitaliano wakaja na roketi, wakabaki na majumba. Ndiyo Malindi unayoijua: aiskrimu nzuri kuliko ya Nairobi, piza, na vijana wa ufuoni wanaoongea Kiitaliano fasaha kuliko Kiingereza. Usiwadharau hao vijana. Kuna jamaa niliyefahamiana naye, hakumaliza darasa la nane, anaongea Kiitaliano, Kijerumani, Kiswahili na Kigiriama. Nairobi mtu wa lugha nne anapewa ofisi. Pale anauza vinyago na kila mwezi wa tano anakuja kukopa mia mbili.

Maana uchumi wa msimu ni hivyo. Desemba hadi Machi unakula, Julai na Agosti unaonja, miezi mingine unasota. Na misimu yenyewe haina uhakika. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yaliwafukuza wageni, wakaja mashambulizi ya kigaidi ya miaka ya 2010, wakatoka tena, halafu korona mwaka 2020 ikafunga kila kitu. Reli mpya ya 2017 inaishia Mombasa. Makao ya kaunti, tangu ugatuzi wa 2013, ni Kilifi. Mji uliokuwa na wajumbe China sasa unasubiri uamuzi wa mawakala wa utalii wa Milano.

Ndipo mtu wa Donholm ananiambia eti watu wa Pwani ni wavivu. Manze, hiyo kauli inanichoma. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya joto, na kila siku niliwakuta watu wako njiani. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, bila kamba ya kiunoni, umri wa babangu. Vijana wa Maweni wanakata matofali ya matumbawe juani hadi macho yanakuwa mekundu. Huko Gongoni na Marereni kuna mashamba ya chumvi, nenda uangalie miguu ya wanaofanya kazi mle, kisha urudi uniambie kuhusu uvivu. Wanachokosa ni kitu cha kuweka rehani. Ukitaka mkopo benki inauliza hatimiliki. Mama ana nyumba ya vyumba sita na hawezi kuitumia kukopa hata ya kununua friji ya kuuzia samaki.

Mengine yote mabaya unayosikia kuhusu Malindi nayaona yakianzia hapo, ingawa najua si kila mtu atakubali. Unga umewamaliza vijana wa rika langu pale. Wasichana wadogo wanauzwa ufuoni, na kila mtu anajua na kila mtu anaangalia bahari. Aprili 2023, Shakahola, miili zaidi ya mia nne ikafukuliwa msituni, na ghafla kila kituo cha televisheni kikajua njia ya kwenda Malindi. Walipomaliza kupiga picha wakarudi Nairobi.

Sasa, sisemi watalii waende. Mimi mwenyewe nimekula pesa ya utalii. Desemba ile kibanda chetu kilitengeneza vioo vya simu mpaka saa sita usiku, nyingi zikiwa zenu nyinyi mliozidondosha kwenye bwawa. Na sisemi kila mwenye jumba Casuarina ni mwizi. Wengi walinunua kwa haki, wana karatasi. Lakini karatasi hiyo inatokana na karatasi, na hiyo nayo inatokana na nyingine, ukifuata mpaka mwanzo unafika 1908 na foleni ambayo wengine hawakuambiwa kuwa ipo. Viwanja vya ufuoni navyo, baada ya uhuru, viligawiwa wakubwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilizungumzia ugawaji huo, na ile ya tume ya ukweli na maridhiano ya 2013 ikaandika kwa kirefu kuhusu dhuluma za ardhi Pwani. Ripoti zipo. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Kwa hiyo hatuna upungufu wa habari.

Ninachotaka ni hiki, na niko tayari mnitukane kwa hilo: kabla ya jukwaa lingine la tamasha, kabla ya kauli nyingine ya kufufua utalii, serikali inunue au ichukue kwa njia ya sheria ardhi iliyo chini ya nyumba za watu kama Mama, iwape hati. Mitaa mizima. Imewahi kununua mashamba na kuwapa maskwota, haitakuwa mara ya kwanza. Wenye ardhi walipwe bei inayokubalika, maana na wao wengine walirithi bila kosa. Itagharimu, ndiyo. Lakini hata kutofanya hivyo kunagharimu, ni vile tu anayelipa ni Mama.

Na wewe ukienda Desemba, nenda. Shuka Gede. Karibu na msikiti wa Ijumaa kule Shella kuna makaburi ya nguzo, ya kale kuliko mji wowote wa bara unaoujua, yaangalie, usiyapande. Kula kwa mama wa mtaani, si hotelini tu, na usimpunguzie bei ya viazi karai kama mtu unayemfanyia hisani. Na uliza watu wanaishi vipi. Wanasimulia vizuri kuliko mimi.

Nilirudi Jericho mwaka uliofuata, mamangu alipougua. Nyumba yetu ni ya kaunti. Babangu mkubwa aliipanga kabla mimi sijazaliwa, na siku hizi kila mkutano wa mtaa unazungumzia mipango ya serikali ya kubomoa mitaa hii ya zamani na kujenga magorofa. Watu wanakuja na vibao vya kuandikia, wanahesabu milango, wanaenda.

Mwezi jana nilimpigia Mama simu kumjulia hali. Bado yuko. Mwenye ardhi mpya bado hajaonekana, lakini wakala amepandisha kodi ya kiwanja. Nikamsimulia ya huku kwetu. Akanyamaza kidogo, akauliza kama sisi tuna karatasi yoyote ya kuonyesha. Nikamwambia tuna risiti za kodi, mamangu amezihifadhi zote.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema risiti hata yeye anazo, katoni nzima, iko uvunguni.